Amri Mbili za Mwaka 1972: Historia ya Risasi ya Polisi Makindye

Kijana mwenye watoto wadogo anapouawa kwa risasi ya polisi jijini Kampala, mara nyingi mtu wa kwanza kuueleza umma alikufaje huwa ni msemaji wa polisi. Alikuwa jambazi, alitaka kutoroka, alimrukia askari ampokonye bunduki, risasi ilimpata kwa bahati mbaya. Ubishi unaofuata huwa juu ya askari mmoja: alikuwa amelewa au la, alifyatua kwa hasira au kwa woga. Kwa maoni yangu, ubishi huo unashika tawi na kuliacha shina. Ukiifuata historia ya bunduki ya serikali katika mji huu, na hasa katika vilima vya Makindye, utaona kwamba vifo vya namna hii vimetegemea mambo mawili yanayokwenda pamoja: ruhusa ya kupiga risasi inayotolewa mapema, na njia ya kudai haki inayozibwa baadaye. Serikali ya Idi Amin iliyaandika mambo hayo mawili kama sheria, moja ikifuata nyingine, mwaka 1972. Yalikuwapo kabla yake bila kuandikwa, na yameendelea kuwapo ingawa utawala wake ulianguka zamani.

Makindye ni moja ya divisheni tano za Kampala, upande wa kusini, ikianzia karakana za Katwe na mzunguko wa Kibuye, ikapita Nsambya, Kabalagala na Kansanga hadi Ggaba ufukweni mwa Ziwa Victoria. Ni eneo la mafundi, wenye maduka, wapangaji wa chumba kimoja, vijana wa bodaboda, na matajiri walioko juu ya vilima vinavyotazama ziwa. Vilevile ni eneo ambalo dola imejikusanya. Nsambya kuna kambi kubwa ya polisi tangu enzi za Mwingereza. Juu ya kilima cha Makindye kuna kambi ya polisi wa jeshi, na huko huko ndiko Mahakama Kuu ya Kijeshi imekuwa ikiketi. Mahakama ya hakimu wa kiraia nayo iko Makindye. Anayetaka kujua Uganda imemtendeaje raia aliyekutana na mtutu wa serikali hahitaji kwenda mbali na hapa.

Jeshi la polisi la Uganda lilianzishwa rasmi mwaka 1906, W. F. S. Edwards akiwa Inspekta Jenerali wake wa kwanza. Halikuzaliwa kama polisi wa mtaa wa London, anayetembea na kirungu akijulikana kwa jina na wenye maduka. Lilitokana na askari wa kulinda utawala, na nyuma yao kulikuwa na wapiganaji wa Kisudani ambao ofisa Mwingereza, Lugard, aliwaleta kutoka mabaki ya jeshi la Emin Pasha mwaka 1891. Askari alilala kambini, alipewa bunduki na gwaride, na mara nyingi alitoka mbali na watu aliowalinda. Lugha ya amri ikawa Kiswahili, na ndiyo sababu mojawapo ya Waganda wengi wa Kampala kukisikia Kiswahili kwa masikio ya mtu anayeamrishwa. Jeshi hilo lilipimwa kwa mara ya kwanza kwenye umati wa mjini katika mgomo wa Januari 1945, kisha Aprili 1949, wakulima na wafuasi wa chama cha Bataka walipokusanyika Mengo wakidai kuchagua machifu wao na kuuza pamba yao bila kunyonywa. Watu walikufa mara zote mbili. Serikali ya kikoloni iliunda tume, ya Whitley kwa mwaka 1945 na ya Kingdon kwa mwaka 1949, na tume zote mbili zilitafuta zaidi nani aliwachochea watu kuliko nani aliwapiga risasi. Funzo ambalo watawala walilichukua lilikuwa kuongeza vikosi vya kutuliza ghasia. Uhuru ulipofika mwaka 1962, vikosi vilibadilisha bendera, na mpangilio ukabaki. Miaka miwili baadaye, Novemba 1964, ugomvi wa kawaida wa kilabuni huko Nakulabye uliishia kwa vikosi vya serikali kuwapiga risasi wakazi, na jina la mtaa huo likaingia katika siasa za Buganda kama kidonda.

Najua pingamizi litakalokuja hapa. Ni rahisi mno kumtupia mkoloni kila lawama, na Waganda wamejitawala kwa zaidi ya miaka 60. Nakubali. Mwingereza aliacha chombo, na kila serikali iliyokuja ilichagua kukitumia vilevile ingawa ilikuwa na uwezo wa kukibadilisha. Uchaguzi ulio wazi kuliko wote ulifanywa na Amin. Alipindua serikali tarehe 25 Januari 1971, na muda si mrefu Amri Namba 13 ya mwaka huo ikawapa wanajeshi uwezo wa kumkamata raia. Mwaka uliofuata ikatoka Amri Namba 7, ya washukiwa wa unyang'anyi. Kampala ya miaka ile iliwaogopa kondo, majambazi wenye silaha waliovamia magari na nyumba, na hofu hiyo ilikuwa ya kweli. Amri ilimruhusu ofisa wa usalama kutumia nguvu yoyote anayoona inafaa dhidi ya mtu anayemshuku kuwa ni mnyang'anyi anayetoroka. Uzito wote uko katika maneno hayo: kipimo ni kile anachoona yeye mwenye bunduki. Mara baada yake ikaja Amri Namba 8, iliyozuia mahakama kusikiliza madai dhidi ya serikali na watu wake kwa jambo lolote lililofanywa kwa ajili ya usalama wa umma tangu Januari 1971. Amri ya kwanza ilimruhusu askari kuua kwa kushuku. Ya pili ilimkataza mjane kuuliza.

Kilichofuata kinaonyesha kwamba amri hizo hazikuwa karatasi tu. Kikosi cha Usalama wa Umma, kilichoundwa ndani ya polisi ili kuwamaliza kondo, kiliweka makao Naguru na kugeuka kuwa mashine ya kuua watu ambao hawakuwa na uhusiano wowote na unyang'anyi. Idara ya Utafiti wa Dola, iliyokuwa ya ujasusi, ilifanya kazi hiyo hiyo Nakasero. Makindye ilikuwa zamu ya polisi wa jeshi, chini ya Hussein Marella, na gereza lao lilikuwa na seli waliyoiita Singapore, ambayo waliopelekwa humo walijulikana kuwa ni wa kuuawa. Wageni waliofungwa Makindye Septemba 1972, akiwamo mwandishi wa televisheni ya Uingereza Sandy Gall, walitoka na kuieleza dunia walichokiona. Wenyeji wengi waliofungwa humo hawakutoka. Mwezi huo huo, tarehe 21, Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikokotwa na watu wenye silaha kutoka Mahakama Kuu mchana kweupe, na hakuonekana tena. Kama mahakama haikuweza kumlinda mkuu wake ndani ya jengo lake, fundi wa Katwe angeikimbilia kwa matumaini gani?

Mwaka 1974, chini ya shinikizo la nje na la ndani, Amin aliunda tume ya kuchunguza watu waliopotea, mwenyekiti akiwa Jaji Mohammed Saied. Tume ilisikiliza kesi 308, mbele yake wake na wazazi wakieleza nani alikuja na gari gani na saa ngapi. Licha ya mazingira ya hatari, iliandika kwamba Kikosi cha Usalama wa Umma na Idara ya Utafiti wa Dola ndizo zilizohusika zaidi. Hiyo ni kazi ya kuheshimiwa. Lakini Amri Namba 8 ilikuwa bado inazuia njia ya mahakama, na mauaji yaliendelea. Erinayo Oryema, Mwafrika wa kwanza kuliongoza jeshi la polisi la Uganda, alikuwa waziri wa Amin Februari 1977 alipouawa pamoja na Askofu Mkuu Janani Luwum na waziri Charles Oboth-Ofumbi. Serikali ilitangaza kwamba walikufa katika ajali ya gari wakijaribu kumpokonya dereva usukani. Inspekta Jenerali wa zamani alikufa, na maelezo rasmi ya kifo chake yakawa uongo wa aina ile ile waliokuwa wakiambiwa wajane wa watu wasiojulikana.

Historia za vipindi hivi hupenda majina makubwa, na hasara ya kijana mwenye familia changa hupita haraka. Tuipime kidogo. Mtu wa miaka 27 Kibuye au Katwe hulisha wengi kwa kipato cha siku hadi siku. Hana pensheni, bima wala akiba. Kodi ya nyumba inamfuata kila mwezi, karo kila muhula, na huko kijijini kuna mama anayengoja atakachomtumia. Akifa, familia huvunjwa na kugawanywa: mtoto huyu kwa shangazi, yule kwa bibi, mke kwao. Katika mila za Kiganda, msiba haujaisha kwa mazishi. Ndugu hukutana baadaye kwa sherehe ya kumaliza matanga, okwabya olumbe, ambapo omusika, mrithi wa marehemu, hutambulishwa mbele ya ukoo. Mahali ambapo mwili haukupatikana, au marehemu ametangazwa jambazi na serikali, ukoo hukutana ukiwa na jambo lisilosemeka katikati yake. Mtoto anarithi jina la baba ambalo dola imelichafua, na hakuna mahakama iliyolisafisha. Kwa hiyo ninapotetea uchunguzi wa vifo hivi, sizungumzii kisasi wala fidia pekee. Nazungumzia haki ya mtoto kujua baba yake alikuwa nani siku aliyokufa.

Baada ya Amin kuangushwa mwaka 1979, wakazi wa Kampala walifahamu misako ya panda gari, wanajeshi wakizingira mtaa na kuwasomba vijana kwenye malori, wengine wasirudi. Serikali ya Museveni, iliyoingia madarakani mwaka 1986, iliunda tume ya Jaji Arthur Oder kuchunguza ukiukaji wa haki tangu mwaka 1962, na ripoti yake ilitoka mwaka 1994. Katiba ya mwaka 1995 ikafuata, ikiwa na kifungu cha 22 kinacholinda uhai na Tume ya Haki za Binadamu yenye uwezo wa mahakama. Sheria ya Polisi ya mwaka 1994 nayo inaeleza ni lini askari anaweza kutumia silaha: kuwe na kosa kubwa, kuwe na onyo, kusiwe na njia nyingine. Kwa maandishi, Amri Namba 7 imekufa. Na lazima tuseme kwa haki kwamba Kampala ya leo siyo ya mwaka 1972. Kuna magazeti, mawakili, majaji waliothubutu kuipinga serikali, na mtu anaweza kuandika haya.

Lakini ruhusa ya mapema ilirudi kwa njia nyingine. Mwaka 2001 jeshi la polisi lilipewa mkuu kutoka jeshini, Jenerali Katumba Wamala, na mwaka 2002, wizi wa kutumia bunduki ulipokithiri, ikaanzishwa Operesheni Wembley chini ya Kanali Elly Kayanja. Washukiwa wengi waliuawa. Kutoka humo kikazaliwa kikosi cha kupambana na uhalifu wa kutumia nguvu, kikabadilishwa jina mwaka 2007, kikavunjwa Desemba 2011 baada ya ripoti za mateso na mauaji, na kikaja kingine. Watetezi wa vikosi hivi wana hoja, na si hoja ndogo. Majambazi waliua watu. Julai 2010 bomu lililipuka katika mgahawa wa Ethiopian Village, Kabalagala, ndani ya Makindye yenyewe, wakati watu wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, na pamoja na lile la uwanja wa raga wa Kyadondo wakafa zaidi ya watu 70. Wananchi wengi waliishangilia Wembley. Siwalaumu. Nauliza tu kama dawa hiyo imewahi kuponya. Kondo hawakwisha kwa Amri Namba 7. Walioapishwa kuwamaliza waligeuka kuwa wavamizi wa nyumba za watu. Miaka 30 baadaye kila kikosi maalumu kimeishia kuvunjwa kwa yale yale ambayo kiliundwa kuyazuia. Ushahidi wa mauaji ya kushuku kuleta amani ya kudumu Kampala haupo, na nusu karne ilitosha kuuleta.

Tazama jinsi maelezo ya kwanza yanavyofanya kazi. Machi 2019 mwanamume mmoja, baba wa watoto, alikuwa kwenye pikipiki akitoka kuwatembelea wanawe shuleni wilayani Kayunga. Polisi walimfukuza wakidhani anamfuatilia Waziri wa Nchi Aidah Nantaba ili amuue, na akauawa Nagojje, Mukono. Umma uliambiwa kwanza kwamba aliyeuawa ni mshukiwa hatari. Baadaye, kwa sababu kulikuwa na watu walioona na waandishi waliouliza, polisi walikiri kwamba alipigwa risasi akiwa ameshakamatwa na kufungwa pingu, na maofisa wakakamatwa. Bila mashahidi wale, angezikwa kama muuaji. Tanzania ilipitia jambo kama hilo Januari 2006, polisi wa Dar es Salaam walipowaua wafanyabiashara watatu wa madini kutoka Mahenge pamoja na dereva wa teksi na kuwatangaza majambazi. Ilihitajika tume ya Jaji Mussa Kipenka, aliyoiunda Rais Kikwete, ili nchi iambiwe kwamba hawakuwa majambazi. Na Novemba 2020 nchini Uganda, mgombea urais wa upinzani Robert Kyagulanyi alipokamatwa Luuka na mitaa ya Kampala ikalipuka, Waziri wa Usalama Elly Tumwine alitamka hadharani kwamba polisi wana haki ya kukupiga risasi na kukuua ukifikia kiwango fulani cha vurugu. Rais Museveni alikiri vifo 54. Wengine hawakuwa hata kwenye maandamano. Waziri alichosema kwa mdomo, Amin alikuwa amekiandika.

Wapo watakaosema kwamba maandishi kama haya yanamsahau askari. Konstebo wa Nsambya ameishi na familia yake kwenye vibanda vya mabati, mshahara wake mdogo, zamu yake ndefu, na yeye pia huuawa kazini. Ni kweli, na ndiyo maana nakataa kuifanya habari hii kuwa ya konstebo. Mambo yakiharibika sana, yeye ndiye hupelekwa mahakamani, na aliyeagiza anabaki ofisini. Makindye ilishuhudia jaribio la kuigeuza kawaida hiyo. Mwaka 2016, baada ya polisi kuwachapa kwa fimbo wafuasi wa kiongozi wa upinzani Kizza Besigye barabarani, mawakili walifungua kesi binafsi katika mahakama ya hakimu ya Makindye dhidi ya Inspekta Jenerali Kale Kayihura na maofisa wake. Siku ya kusikilizwa, Agosti 10, umati uliokuja kumtetea uliizingira mahakama, mawakili wakakwama ndani, na Kayihura hakufika. Kesi haikufika popote. Miaka miwili baadaye alikamatwa, lakini na jeshi, akawekwa katika kambi ya kilima hicho hicho na kushtakiwa mbele ya Mahakama Kuu ya Kijeshi, mojawapo ya mashtaka likiwa kutoa silaha kwa watu wasioruhusiwa. Mashtaka hayo yalikuja kuondolewa mwaka 2023. Raia walipomwita ajieleze hawakufua dafu. Wenye nguvu walipomtaka, walimchukua, na walipomaliza naye, walimwachia. Huo si uwajibikaji, kwa sababu waliochapwa hawakuwa na nafasi yoyote ndani yake.

Ndiyo maana naona suluhisho liko kwenye jambo dogo ambalo sheria tayari inalo. Tangu ukoloni, Uganda ina sheria ya uchunguzi wa vifo, inayomtaka hakimu kuchunguza hadharani mtu anapokufa mikononi mwa polisi. Imetumika kwa nadra. Hakimu wa Makindye akiketi wiki chache baada ya kifo, akataka daftari la silaha la kituo, namba ya bunduki iliyotoka na risasi zilizorudi, ripoti ya daktari, na majina ya waliokuwa kwenye gari, maelezo ya msemaji yatapimwa kabla hayajageuka kuwa historia. Kenya ilikwenda mbali zaidi: baada ya tume ya Waki kukuta kwamba kati ya watu 1,133 waliokufa katika ghasia za uchaguzi wa mwaka 2007, 405 waliuawa kwa risasi, wengi wao kwa risasi za polisi, iliunda kwa sheria ya mwaka 2011 mamlaka ya kiraia ya kuwachunguza polisi. Mamlaka hiyo haijazuia mauaji, kama vijana wa Nairobi wajuavyo, lakini jalada la marehemu haliko tena mikononi mwa wenzake aliyefyatua pekee. Nchini Uganda malalamiko mara nyingi bado huishia kwa idara iliyo ndani ya polisi wenyewe.

Uganda ina Sheria ya Utekelezaji wa Haki za Binadamu ya mwaka 2019, inayomwajibisha mtumishi wa umma yeye binafsi, na ni hatua njema. Bado mjane anayedai fidia ya kawaida kwa niaba ya watoto anapewa miaka miwili tu kuishtaki serikali, na miaka hiyo huanza kuhesabika tangu kifo. Katika muda huo anatakiwa apate nakala ya ripoti ya daktari, apate jalada kutoka kituo kile kile ambacho askari wake walifyatua, na amlipe wakili kwa fedha ambazo aliyekuwa akizileta nyumbani ameshazikwa. Bunge likitaka kweli kuizika Amri Namba 8, lianzie hapo: muda usianze kuhesabika mpaka hakimu awe amekaa, amesikiliza na ametoa uamuzi juu ya namna mtu huyo alivyokufa.